Mtungi wa Shangazi Awatif

Shangazi Awatif alikuwa akichoma jibini kwa uma juu ya jiko la gesi, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi mlangoni.

"Njoo uone mwenyewe, Shuruk," aliniambia. "Inakuwa nyeusi. Inanuka. Jibini gani hunuka hivi?"

Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kutoka kazini, hata viatu sijavua. Kwenye uma palikuwa na kipande cha jibini ya pembe tatu, ile inayouzwa katika boksi la duara, vipande vinane kila kimoja na karatasi yake ya fedha. Kipande kilikuwa kimelegea, kimeota malengelenge, na sasa kilikuwa kikiungua pembeni. Simu ya Shangazi ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na sauti nzito ya mwanamume ilikuwa ikitoka humo kwa majonzi makubwa.

"...haya si maziwa, ndugu zangu. Hii ni plastiki. Profesa mmoja huko Ujerumani alilia mbele ya wanafunzi wake. Jibini ya kweli haiungui! Jaribuni majumbani mwenu, muone saratani mnayowalisha wazazi wenu. Na zile namba kwenye lebo ni majina ya siri..."

"Alilia?" Bibi Insaf aliuliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Maskini. Na uprofesa wote ule."

"Mama, hili si jambo la mzaha."

"Nani amefanya mzaha? Nimemwonea mtu huruma, basi."

Bibi alikuwa ameelekeza uso upande wa sauti, si upande wetu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na mwaka ule alikuwa akitutambua kwa hatua zetu na kwa harufu ya sabuni. Jicho la kulia lilipangiwa upasuaji Alhamisi ya wiki ya tatu kutoka siku ile. Lilikuwa limeshapangiwa mara mbili kabla, na mara zote mbili tulirudishwa nyumbani kwetu mjini Tanta kwa sababu ya presha yake. Safari hii Dakta Mirvat alituambia waziwazi: presha ikigoma tena, nafasi nyingine ni baada ya kiangazi. Bibi alikuwa na miaka themanini na mbili. Kwake, baada ya kiangazi palikuwa mbali sana.

Wala hakuwa akitaka makubwa. Hakutaka kuona bahari wala kitukuu. Alichotaka ni kuchambua mchele.

"Mnanilisha mawe," alikuwa akilalamika kila tukila. "Nirudishieni jicho moja tu, nichambue mchele wangu mwenyewe, halafu Mungu afanye apendavyo."

Tatizo la pili lilikuwa chakula. Tangu mafua ya majira ya baridi alikuwa amepoteza hamu. Kuku alimsukuma pembeni, mchuzi wa majani ya mulukhiya aliunusa tu. Kitu pekee kilichopita kooni bila ugomvi kilikuwa mkate laini na jibini ya pembe tatu, kipande kimoja asubuhi na kimoja jioni. Dakta alikuwa amesema tumwachie.

"Kuanzia leo haingii tena humu ndani," alisema Shangazi, akatupa uma kwenye sinki. Kisha akachukua boksi lote na kulizamisha kwenye ndoo ya taka, chini kabisa, chini ya maganda ya vitunguu, kana kwamba lingeweza kutoka lenyewe.

"Shangazi, atakula nini?"

"Chakula. Chakula cha watu."

"Huyo anayeongea ni nani? Anaitwa nani?"

"Ni mtaalamu."

"Wa nini?"

Aliniangalia kwa jicho la kunipima. "Wewe nyamaza. Wewe ndiye unayewapambia sumu yao."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa na punje ya ukweli. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na kazi yangu ni kukagua lebo za vyakula kabla hazijachapwa: makopo ya nyanya, biskuti, jibini. Nakaa siku nzima nikisoma maandishi madogo ambayo hakuna mwingine duniani anayeyasoma. Zile namba nilizijua. Ile iliyomliza profesa ilikuwa aina ya chumvi inayozuia mafuta ya jibini yasijitenge na maji. Nilimwambia hivyo.

"Umesomea?" Shangazi akauliza.

"Sijasomea. Nimeisoma."

"Basi."

Hapo akawa amenishinda.

Siku mbili baadaye alirudi kutoka kijijini kwa wakwe zake, karibu na Zifta, akiwa amepakata mtungi wa udongo kama mtu aliyepakata mtoto wa kwanza. Mdomo wa mtungi ulikuwa umefungwa kwa kitambaa na kamba. Alipokifungua, harufu ilitembea mpaka sebuleni, na Bibi akainuka kwenye kiti peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baridi.

"Mish!" alisema. "Wallahi, ni mish. Ya mwaka gani?"

"Ya miaka miwili, Mama. Mikono ya mama mkwe mwenyewe. Maziwa ya nyati wao, pilipili ya shamba lao. Hakuna kiwanda, hakuna lebo, hakuna namba." Neno la mwisho alinilengea mimi.

Mish ni jibini iliyozamishwa mtungini kwa miezi na miaka mpaka igeuke rangi ya tofali na kuwa kali kama maneno ya mawifi. Wapo wadudu weupe wanaozaliwa humo, na watu wa mashambani hawajali. Unampukuta mdudu, unaendelea kula. Bibi alikula siku ile na mkate bapa wa baladi na vitunguu vibichi, akilamba vidole, akitusimulia habari za watu waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa. Shangazi alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa begani, akimwangalia. Alikuwa karibu kulia.

Ningesema kuwa nilihisi hatari, lakini ningekuwa nadanganya. Nilifurahi. Niliketi sakafuni karibu na Bibi, nikachovya mkate wangu nami, nikala mpaka midomo ikawaka. Yule mtu wa kwenye simu nilimwacha na profesa wake.

Ikawa mish asubuhi, mish jioni. Mchana Shangazi alimpa zeituni alizoziloweka mwenyewe na limau za chumvi, kwa sababu navyo vilikuwa vya nyumbani. Bibi alinenepa uso. Majirani wakasema, mashallah, Hajati amerudi. Shangazi alituma picha kwenye kundi la familia: Bibi na mtungi, bega kwa bega.

Wiki ya pili Bibi aliniita nimsaidie kuvua pete. Haikutoka. Nilijaribu kwa sabuni, ikagoma. Nilipomwinamia nikaona miguu: viatu vyake vya nyumbani vilikuwa vimeacha alama nzima kwenye ngozi, kama muhuri.

"Unaumwa, Bibi?"

"Kichwa kidogo tu. Usimwambie Awatif, ataniloweka kwenye siki."

Kliniki tulikwenda Alhamisi, wiki moja kamili kabla ya upasuaji. Dakta Mirvat alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kulia. Mia na tisini kwa mia na kumi.

"Hajati Insaf," alisema, "unataka kunitia hofu?"

"Mimi nimekaa tu, binti yangu. Waulize hawa."

"Dawa anakunywa?"

"Kila siku, mbele yangu," Shangazi alijibu haraka. "Na chakula ni kisafi, Dakta. Nimeondoa vitu vyote vya viwandani. Hakuna kopo, hakuna jibini ya boksi, hakuna sumu."

"Vizuri. Sasa niambie anakula nini."

"Vya nyumbani tu."

"Nitajie. Jana, kwa mfano."

Shangazi alihesabu kwa vidole, kwa fahari. Mish na mkate. Zeituni. Limau za chumvi. Mish na mayai. Alipofika kidole cha nne Dakta alikuwa ameweka kalamu mezani.

"Mish kiasi gani?"

"Kijiko... vijiko. Anachotaka. Kwa nini? Ni ya asili!"

"Na chumvi ni ya asili, Bi Awatif. Inachimbwa ardhini." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kulisema jambo hilo kwa watu anaowapenda. "Kijiko kimoja cha mish ya miaka miwili kinaweza kubeba chumvi nyingi kuliko vile vipande viwili vya jibini vikijumlishwa. Mama yako amekuwa akinywa dawa ya kushusha presha kwa mkono huu na kuipandisha kwa mkono ule."

"Kwa hiyo ile plastiki ndiyo bora?"

"Si plastiki. Wala si chakula cha malaika. Nayo ina chumvi yake. Angekula boksi zima ningempigia kelele. Angekuwa na ugonjwa wa figo ningemkataza kabisa. Lakini figo zake nzuri, na vipande viwili kwa siku kwa mtu asiyekula kingine, mimi nilikubali, nikiwa na akili zangu." Akaandika nusu kidonge cha ziada. "Njooni Jumatano. Ikiwa juu ya mia na sitini, tutaonana baada ya kiangazi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Shangazi alitazama nje ya dirisha la teksi. Bibi aliushika mkono wake. Kabla hatujashuka Bibi akasema, "Lakini ilikuwa tamu, Awatif. Mtu asinidanganye."

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Ijumaa asubuhi nilimkuta Shangazi amemwekea Bibi sahani ya karish, jibini nyeupe isiyo na chumvi aliyoikamua mwenyewe usiku kucha kwenye kitambaa. Bibi alikuwa ameisukuma pembeni.

"Haina ladha. Ni kama kulamba ukuta."

"Nimpe vile vipande, Shangazi," nikasema. "Viwili tu, kama Dakta alivyosema."

"Mish nimeitoa, sikubisha. Lakini ile plastiki hapana. Dakta anajua macho. Saratani hajui."

Nilikuwa nimejiandaa. Kazini, Rawya tunayekaa naye meza moja alikuwa amepokea sauti ileile kutoka kwa mama mkwe wake, ila yake ilikuwa ndefu. Yetu ilikuwa imekatwa na mtu njiani. Niliweka simu yangu mezani, nikaisogeza mpaka mwisho. Sauti ilikuwa ileile nzito, ila majonzi yamekwisha: "...na kwa wale ambao plastiki imeshaingia tumboni, msikate tamaa. Asali yetu maalumu inaisafisha ndani ya siku kumi. Piga namba hii sasa, chupa ya pili ni bure..."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe profesa analia halafu anauza asali!"

Shangazi hakucheka. "Muuzaji naye anaweza kusema kweli."

Nilikuwa nimetegemea angeanguka palepale, na hakuanguka, na lazima nikiri kuwa hoja yake ilikuwa sahihi. Mtu akiwa na asali ya kuuza, hiyo haithibitishi kuwa jibini ni salama. Inathibitisha tu kwamba amekupa sababu ya kumuuliza mara mbili.

"Sawa," nikasema. "Basi tumuulize mara ya pili." Nikachukua uma, nikachoma donge la karish yake mwenyewe, nikawasha gesi.

"Unafanya nini? Hiyo ni karish yangu!"

"Amesema jibini ya kweli haiungui. Tujaribu majumbani mwetu."

Karish haikuyeyuka. Ilikauka, ikawa kahawia, kisha ikawa nyeusi ti kama kaa, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa jikoni. Shangazi alinikodolea macho. Nikakata kipande cha mkate wa baladi. Nacho kikawa cheusi. Nikanyoosha mkono kuchukua kitunguu.

"Inatosha," alisema.

"Kitu chochote ukikiweka motoni, Shangazi..."

"Nimesema inatosha, Shuruk!"

Alizima gesi. Alikaa kwenye kigoda kidogo cha kumenyea viazi, magoti juu, mikono imelala mapajani. Nikadhani amenikasirikia, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Hilmi alikuwa havuti sigara," alisema.

Hilmi alikuwa mume wake. Alikufa kwa saratani ya kongosho miaka mitatu nyuma, ndani ya wiki kumi na moja tangu siku aliyosema tumbo linamuuma.

"Hakuvuta, hakunywa. Alikuwa anatembea kwenda kazini kwa miguu. Niliwauliza madaktari wote, kwa nini? Wakasema hatujui. Mmoja akanipa pole, mwingine akainua mabega hivi. Miaka mitatu nafungua friji na kujiuliza nilimpa nini. Nilimpa nini? Siku huyu mtu alipotuma sauti yake nikasema, angalau yupo mtu mmoja anayejua."

Nilikuwa nimekuja na simu na uma na karish iliyoungua, na hakuna hata kimoja kilichofaa kwa hilo. Niliketi sakafuni, nikaegemea mguu wake.

Bibi ndiye aliyesema. "Awatif. Nipe boksi langu la vifungo."

Lilikuwa juu ya kabati: boksi la duara la jibini, la zamani kiasi kwamba picha ya juu ilikuwa imefutika na kubaki bati tupu. Ndani mlikuwa na vifungo, sindano na kete za uzi. Shangazi alimpa. Bibi alilishika kwa mikono miwili, akalipapasa ukingo.

"Baba yako alilileta hili aliporudi kutoka Basra. Vipande vinane. Nyinyi mlikuwa sita, na yeye na mimi. Kila mtu kimoja. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama."

"Unakumbuka nini? Wewe ulikuwa na miaka minne, umetoka kwenye surua, mifupa mitupu. Hukula chochote, unatapika hata maji. Nikakupa changu, ukala. Nikamwomba baba yako chake, ukala. Wale wengine watano nikawanyang'anya usiku wamelala, Mungu anisamehe, mpaka leo ndugu yako Subhi anadhani ni panya. Umelelewa kwa hiyo jibini. Una miaka hamsini na saba na sauti yako inasikika mpaka stesheni."

Shangazi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

"Sisemi ni dawa," Bibi aliendelea. "Nasema Hilmi hukumuua wewe. Si kwa jibini, si kwa kitu chochote kwenye friji. Ulimlisha kwa mikono yako miaka thelathini na alinenepa akapendeza. Hilo ninalijua, nililiona nikiwa na macho."

Mimi nilishuka dukani nikanunua boksi. Niliporudi, Shangazi alinipokonya mkononi, na nilidhani linakwenda kwenye ndoo ya taka. Akaligeuza. Akavaa miwani yake, akalisogeza dirishani.

"Chumvi imeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mbona maandishi madogo hivi? Nyinyi mnachapa kwa ajili ya sisimizi?"

"Nitawafikishia malalamiko."

"Wafikishie." Alisoma, midomo ikicheza. Kisha akachukua kalamu, akaandika juu ya kifuniko, kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya msingi: ASUBUHI KIMOJA, JIONI KIMOJA. Akatenga viwili vya siku ile, na vile sita vilivyobaki akaviweka kwenye rafu ya juu. Bibi hakuweza kuviona, wala kuvifikia.

Mtungi wa mish alimpelekea jirani wa ghorofa ya chini, akamwonya mara tatu kuhusu chumvi mpaka yule mwanamke akaanza kushuku kuwa umelogwa.

Jumatano presha ilikuwa mia na hamsini na mbili. Shangazi alimkumbatia nesi, mtu asiyemjua. Mimi nikawa karibu kutangaza kwenye kundi la familia kwamba mish ndiyo iliyokuwa na hatia, nikakumbuka ile nusu ya kidonge. Huenda ni kuacha mish, au ni kidonge, au vyote viwili. Sikuwa na njia ya kuvitenganisha. Niliandika tu: *Presha imeshuka. Kesho upasuaji. Mwombeeni.* Binamu yangu mmoja alijibu kwa sauti mpya iliyosambazwa, kuhusu kuku na sindano. Kabla sijaifungua, Shangazi alikuwa ameshamwandikia: *Nani huyu? Ameyajuaje haya? Anauza nini?*

Ijumaa walifungua bendeji. Bibi alipepesa, machozi yakamtoka, akatazama nyuso zetu muda mrefu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua wageni wa harusi. Akamfikia Shangazi.

"Awatif! Una mvi kichwa kizima."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Hilmi."

Bibi alimvuta kwa shungi mpaka kichwa kikamfikia, akambusu pale kwenye mvi.

Jumapili jioni, kabla jua halijatua, alidai sinia. Nilikuwa nimeshauchambua ule mchele mwenyewe, mara mbili, kwa makusudi, ili asichoke. Aliutandaza kwa kiganja, akauinamia kwa jicho lake moja jipya. Alihesabu mawe saba. Aliyapanga kwenye ukingo wa sinia mbele yangu, halafu akanyoosha mkono pembeni kuelekea kwa Shangazi.

"Kipande changu cha jioni," alisema. "Na usinipunje. Sasa naona."